Mgeni Rasmi na Mtumbwi wa Chikwaya

Ratiba ya tamasha ilikuwa ya ukurasa mmoja, na jina la Bi Zabibu halikuwamo. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya kamati, hapa Songea mjini, wiki ileile ya sherehe. Kwenye mstari wa kusukuma mtumbwi palikuwa pameandikwa kwamba mgeni rasmi atauzindua. Nilimwuliza mwenyekiti wetu, George Mbano, kama hayo ni makosa ya uchapaji. Alijibu kwamba hakuna kosa lolote. Mgeni rasmi huzindua madaraja, zahanati na vyoo vya shule. Hakuona kwa nini mtumbwi uwe na sheria ya peke yake.

Mtumbwi huo una sheria ya peke yake. Nitaieleza, maana bila maelezo hayo hasira yangu itaonekana kama ya mtu aliyenyimwa kiti cha mbele.

Chikwaya ulikuwa mji wa bandari kwenye ukingo wa Mto Ruvuma, upande wetu wa mpaka. Haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na kila aina ya watu. Wayao walivusha abiria na mizigo. Wangoni walileta mahindi na tumbaku. Wanyasa walikuja kutoka ziwani na samaki wakavu, wakaoa, wakabaki. Wamakua walitoka ng'ambo na chumvi. Mhindi mmoja alifungua duka la nguo, na watoto wake walijua Kiyao kabla hawajajua Kiswahili. Msikiti ulikuwa karibu na maji, kanisa lilikuwa juu kidogo kwenye kilima. Mto ulipofurika, majamvi ya msikitini yalihifadhiwa kanisani, na padri hakungoja kuombwa.

Kila mwaka, mvua zilipokwisha na mto ukatulia, mji ulifanya Sikukuu ya Mtumbwi. Mtumbwi mpya uliburutwa kutoka msituni hadi majini. Wangoni walicheza lizombe. Wanyasa walicheza mganda wakiwa wamevaa soksi ndefu nyeupe. Wanawake walicheza kioda, hata wale ambao kwao haikuchezwa kioda. Kinywaji cha wote kilikuwa togwa, ili watu wa msikitini na wa kanisani wanywe kutoka chungu kimoja. Waliotaka pombe ya komoni waliijua njia ya nyuma ya nyumba.

Mwenye haki ya kuusukuma mtumbwi alikuwa mtu wa nyumba ya wavushaji, ukoo wa Kiyao uliokuwa ukivusha watu tangu kabla ya Wajerumani. Lakini kabla hajausukuma, mtani wake wa Kingoni alimnyang'anya kafi la mtumbwi na kumtukana mbele ya watu wote. Alimwita mtumwa wake, mwizi wa mizigo, mla miiba ya samaki. Mvushaji alimjibu kwamba Wangoni waliuvuka Ruvuma wakiwa wamefumba macho na kushikilia mikia ya mbuzi wao. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mvushaji alilikomboa kafi kwa kumlisha mtani wake kwa mkono, chakula cha kwanza cha sikukuu. Hapo ndipo mtumbwi uliposukumwa. Kafi lililoshikwa na mtani halichukuliwi kwa nguvu, na halikombolewi na mtu wa nyumba nyingine.

Ulikuwa mchezo wenye uzito. Babu zetu Wangoni waliwavamia babu zao na kuwachukua mateka. Neno "mtumwa" lilikuwa na watu halisi ndani yake. Utani uliwawezesha wajukuu wa pande zote mbili kukaa mji mmoja bila kusahau na bila kulipizana kisasi. Neno lilitamkwa mara moja kwa mwaka, likachekwa, likafuatwa na chakula.

Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, mabomu ya Wareno yalianguka ukingoni na Chikwaya ukahamwa. Wengi walikuja Songea na kujenga mtaa wa Majengo. Hawakuichagua Songea ovyo. Ruvuma huanzia hapa, kwenye milima ya Matogoro, ukiwa kijito ambacho mtoto hukiruka bila kulowa. Wazee walisema wameufuata mto hadi nyumbani kwake. Tangu hapo sikukuu imefanyika Majengo. Mtumbwi, sasa uleule kila mwaka, hubebwa mabegani mitaani na kuwekwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maduka. Wanawake humwaga mbele yake maji yaliyotekwa Matogoro, na mtumbwi husukumwa juu ya tope hilo.

Mwenye kuusukuma ni Bi Zabibu binti Abdulswamadu, mtu pekee aliyebaki kati ya waliozaliwa katika nyumba ya wavushaji kulekule Chikwaya. Mtani wake ni mimi, Getruda Komba, mwalimu wa historia wa sekondari. Kabla yangu mtani wake alikuwa mama yangu.

Mwaka huu palikuwa na jambo la ziada. Miguu ya Bi Zabibu ilikuwa imevimba, na alikuwa ameniambia wazi kwamba mwaka ujao hana uhakika nao. Alitaka kumkabidhi kazi hiyo binti yake Ashura, mkulima wa korosho kule Nalasi. Makabidhiano hayana karatasi. Mama huweka mkono wake juu ya mkono wa binti, na wote wawili husukuma mbele ya watu. Yasipofanyika hivyo, nyumba ya wavushaji inakwisha na aliyekuwa nayo. George alilijua hilo. Alizaliwa Majengo, tena ni Mngoni kama mimi. Mama yake alicheza kioda katika sikukuu hiyo akiwa na mimba yake.

Nilimkumbusha hayo yote pale ofisini. Alinisikiliza huku akipanga vitambulisho vya kuvaa shingoni. Alisema tamasha limekua, limetoka mtaani, sasa ni la mkoa mzima, na mambo ya mkoa hayawezi kungoja kikongwe mwenye miguu mibaya. Niliuliza kwa nini basi lisiitwe tamasha jingine na mtumbwi wetu ukaachwa. Alisema mtumbwi ndio unaovutia watu. Aliniahidi dakika tatu za kueleza historia jukwaani. Kesho yake alinipigia simu kusema kwamba dakika hizo zimepewa salamu za wadhamini.

Nilikwenda kwa Bi Zabibu. Nilimkuta barazani akibambua karanga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama nimekuja kula au kuiba, maana Wangoni wana sababu hizo mbili tu za kumtembelea mtu. Sikuweza kucheka. Nilimweleza. Aliendelea na karanga zake.

"Huyo mgeni anatoka nyumba gani?" aliuliza.

Nilimwambia ni mkubwa kutoka makao makuu, na nikataja cheo chake.

"Nimeuliza nyumba, Getruda. Cheo sikukiuliza."

Mwanawe Muhsini alitaka kuuficha mtumbwi. Alisema ataupeleka usiku Lusewa kwa rafiki yake, waje wautafute. Bi Zabibu alikataa. Mtumbwi ulichongwa na baba yake, lakini alisema ni wa Chikwaya yote, na watoto wa Chikwaya watakuwa uwanjani. Alisema atakwenda, atakaa watakapomkalisha, na Ashura atakaa pembeni yake. Nilikasirika hata na utulivu wake.

Siku ya sherehe walimkalisha nyuma ya kamba, katika uwanja mkubwa wa mjini badala ya ule wetu wa Majengo. Wageni walikuwa kwenye hema lenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Watu wa Chikwaya walikuwa juani, upande wa pili wa uwanja. Wanawake wa Majengo walikuwa wameambiwa wasipike, kwa sababu kamati imekodi wapishi. Vyakula vya wapishi hao vilikuwa ndani ya hema, vimefunikwa, na askari wa ulinzi amesimama mlangoni. Hapakuwa na togwa. Palikuwa na maji ya chupa, nayo yalikuwa ya hema.

Katikati ya uwanja walikuwa wameweka bwawa la plastiki la rangi ya buluu, la aina wanayochezea watoto hotelini, ila kubwa. Mtumbwi wa Mzee Abdulswamadu uliwekwa ukingoni mwake juu ya zulia jekundu. Kafi lilikuwa juu ya mto wa kukalia wenye vishada.

Wachezaji wa lizombe walikatizwa katikati ya wimbo kwa sababu magari ya mgeni rasmi yalikuwa yanaingia. Wa mganda walipewa muda wa kupita tu mbele ya hema, kama wanafunzi wanaoingia darasani. Wanawake wa kioda waliambiwa watacheza wakati wageni wanakula. George alisoma hotuba. Alisema itifaki imezingatiwa. Alisema Chikwaya kilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi kilichopenda amani. Hakutaja bandari. Hakutaja Wamakua, wala Wanyasa, wala duka la Mhindi. Hakutaja wavushaji. Mji mzima uliojua kuishi na watu wa kila namna uligeuzwa kuwa wavuvi wapole, kwa kuwa wavuvi wapole hawahitaji maelezo.

Ningevumilia hotuba. Nimevumilia hotuba nyingi. Kilichofuata sikukivumilia.

Kamati ilikuwa imemkodi mshereheshaji kutoka Dar es Salaam, kijana mmoja aitwaye Salum, mchangamfu, mwenye suti ya kung'aa. George alikuwa amemfundisha maneno ya utani. Aliyasikia tangu utotoni, akadhani utani ni maneno, na maneno mtu yeyote anaweza kuyasema akipewa kipaza sauti. Salum alishuka jukwaani, akavuka uwanja hadi kwenye kamba, akasimama mbele ya Bi Zabibu.

"Huyu hapa bibi yetu," alisema. Sauti ilitoka kwenye spika zote. "Mtumwa wetu wa kuvusha mizigo. Simama basi, mtumwa, wakubwa wakuone."

Hakuna aliyecheka. Kwenye hema walitabasamu kwanza, kisha wakaona nyuso za upande wetu, wakaacha. Salum hakuelewa. Alikuwa ameambiwa kwamba hapo watu huangua kicheko. Akarudia neno lile kwa sauti kubwa zaidi.

Ni lazima nilieleze hili kwa mtu asiyetoka kwetu. Ningelisema mimi, Bi Zabibu angenijibu, na uwanja ungecheka. Salum hana utani naye. Babu zake hawakupigana na wa Bi Zabibu, hawakusuluhishana, hawakulishana. Kinywani mwake neno lile lilirudi kuwa tusi kama lilivyokuwa zamani, na lilitamkiwa mwanamke mwenye umri wa bibi yake, mbele ya binti yake, siku ambayo binti huyo alipaswa kurithishwa heshima.

Bi Zabibu alisimama kwa shida. Hakumtazama Salum. Alikuwa akitafuta mtu kwa macho. Muhsini alikwisha kuvuka kamba, na mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi.

Nilikimbia. Mwalimu wa umri wangu hakimbii hadharani, lakini nilikimbia hadi kwenye zulia, nikalichukua kafi, nikaliweka begani. Mgeni rasmi alikuwa ameanza kutoka hemani kuja kusukuma. Alisimama. Nilimwita Salum.

"Mwanangu, acha. Huyu mtumwa ni wangu," nilisema. "Wewe wa Dar es Salaam hujawahi kuvushwa hata dimbwi. Nimemrithi kwa mama yangu, sijakuazima."

Kisha nilimgeukia mwenyewe. "Na wewe, mla miiba! Umezeeka kabla hujarudisha magunia ya babu yangu. Miguu imevimba kwa dhambi za watu uliowatosa katikati ya mto."

Kisha Bi Zabibu akaweka mikono kiunoni.

"Aliyetoswa alikuwa babu yako," alisema, bila kipaza sauti, na kila mtu akamsikia. "Nilimwambia afumbue macho, akashika mkia wa mbuzi. Mbuzi alifika. Mngoni alielea."

Kicheko kilianzia kwa Wangoni wenyewe. Niliona wanaume wakipigana mabega. Muhsini alikunjua ngumi. Hata Salum alicheka, kwa aibu, akazima kipaza sauti na kurudi nyuma. Nasema kwa haki: kijana huyo alikuja kuniomba radhi baadaye, na akaenda kumwomba Bi Zabibu pia. Hasira yangu haikuwa juu yake.

George alinifuata akiwa ametoka jasho. Aliniambia kwa sauti ya chini nimkabidhi mgeni rasmi kafi. Nilimjibu kwamba anajua haiwezekani. Alimwita askari wa ulinzi, yule wa mlangoni mwa hema. Askari alikuja, akaniangalia, akaangalia kafi, akamwambia George kwamba yeye ni mtu wa Namtumbo na asingependa kufa na mkosi. George alipendekeza mgeni rasmi atumie kafi jingine. Halikuwapo. Mtu mmoja wa kamati alileta fimbo ya bendera. Mgeni rasmi, na kwa hili nampongeza, hakuipokea. Aliuliza tu kinachoendelea, na hapakuwa na mtu wa kamati aliyeweza kumweleza, kwa kuwa waliifuta sehemu hiyo kwenye hotuba.

Bi Zabibu alikuwa akija taratibu, Ashura akimshika kiwiko. Ilikuwa zamu yake ya kulikomboa kafi, na hakuwa na chakula. Wanawake hawakupika. Ashura alikwenda mlangoni mwa hema kuomba tonge moja tu la ugali. George alisema hakuna chombo kitakachofunuliwa kabla mgeni rasmi hajala. Alisema hivyo mbele ya watu wote, na nadhani ndilo neno lililowaudhi wengi kuliko neno la Salum. Ashura alirudi bila kubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa korosho alizokuja nazo kutoka Nalasi, akamjaza mama yake kiganja.

Bi Zabibu alinilisha. Korosho zilikuwa na chumvi nyingi. Nilitafuna, nikampa kafi. Watu walipiga vigelegele.

Alilishika, akasogea ukingoni mwa bwawa, akachungulia ndani. Alichovya ncha ya kafi, akagusa plastiki chini.

"Hili ni beseni," alisema.

George alianza kueleza habari ya usafiri wa maji na usalama wa watoto. Bi Zabibu hakumwacha amalize.

"Mtumbwi wa baba yangu hauogeshwi. Muhsini, bebeni."

Waliubeba. Walikuwa Muhsini na wenzake kwanza, kisha wa lizombe wakaingiza mabega, kisha wa mganda na soksi zao nyeupe. Askari wa Namtumbo alifungua lango kubwa bila kuulizwa. Tulitoka tukiimba kuelekea Majengo, na wimbo ulipobadilika kutoka Kingoni kwenda Kiyao hakuna aliyeacha kuimba. Nilipogeuka niliona hema, viti vyeupe, bwawa la buluu, na kamati imesimama katikati ya uwanja mtupu.

Majengo ilikuwa imefunga maduka kwa ajili ya sherehe. Yalifunguliwa. Vijana wa bodaboda walikwenda Matogoro na madumu wakarudi na maji. Masufuria yalitoka kila nyumba. Mtu aliyekuwa na dagaa alileta dagaa, aliyekuwa na maharage alileta maharage. Tope lilipokuwa tayari, Bi Zabibu alimweka Ashura mbele, akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake, na wakausukuma mtumbwi pamoja. Ulikwenda kidogo tu, ukakwama. Umekwama hivyo kila mwaka tangu tuhamie hapa. Lakini kila mtu aliona mkono wa nani ulikuwa chini na wa nani ulikuwa juu. Bi Zabibu aliondoa wake. Ashura alibaki ameushika mtumbwi peke yake, analia, na wanawake wakaanza kioda.

George alifika jioni, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Alisema tumeuaibisha mkoa. Alisema mgeni rasmi bado yuko mjini na anaweza kuja, ikiwa tutaurudia usukumaji kwa ajili ya picha. Alinitazama mimi kwanza, akanitaka niandike barua ya kuomba radhi. Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu maneno ambayo hata utani usingeyafunika. Bi Zabibu alinitangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha.

"Mwambie aje," alisema. "Atapewa kiti na sahani. Lakini kwetu mgeni anavushwa, havushi."

George alisema hiyo si lugha ya kumwambia mkubwa.

"Basi mwambie lugha unayoijua wewe. Sisi tulikupeleka shule kwa ajili hiyo, ewe mtoto wa washika mikia. Umekuja na mbuzi wako au umemwacha uwanjani?"

Watu walicheka. Kwa desturi George alipaswa kujibu tusi kwa tusi. Ni mtani wake kama nilivyo mimi, na kila mtu alimngoja. Niliona kwamba hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa ameyatoa yote kwa mshereheshaji, na hakubakiza la kwake.

Ashura alimpelekea sahani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kama mwenye nyumba ya wavushaji, na aliifanya bila kumwonyesha chuki. George alisitasita. Wapishi wake walikuwa wamefungasha vyombo na kuondoka, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Akala akiwa amesimama, haraka, macho yake chini, hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha akaondoka bila kuaga. Mgeni rasmi hakuja. Barua sikuiandika.

Bi Zabibu aliniambia nimsamehe George, kwa sababu amekula kwetu, na tusi likifuatwa na chakula limekwisha. Kwa sheria ya Chikwaya yeye ana haki ya kusema hivyo. Mimi naifundisha sheria hiyo na ninaiheshimu. George sijamsamehe.